Matairi ya bei nafuu kwa dereva anayependa mwendo: jua, mvua na baridi kwa seti moja

Dereva wa Kona (mtoa mada)

Wakuu, nawasalimu. Swali la matairi huulizwa kila mara kwa namna ileile, yaani "nitajieni tairi zuri la bei nafuu", na majibu huwa ni majina ya kampuni tu, kila mtu akilisifu lile lililofungwa kwenye gari lake. Mimi napenda mwendo, napenda barabara yenye kona nyingi, na mfuko wangu hauniruhusu kununua matairi ya daraja la kwanza kila yanapoisha. Kwa hiyo nimelazimika kujifunza mahali pa kubana na mahali ambapo kubana ni kujitafutia makubwa. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kupinga ajue pa kuanzia: fedha ikiwa haba, usiipunguze kwenye uwezo wa tairi kukamata lami iliyolowa. Ipunguze kwenye ukubwa wa rimu, kwenye ukimya, kwenye idadi ya kilomita ambazo tairi litadumu, na hata kwenye jina lililoandikwa ubavuni.

Somo hili sikulipata kwa kusoma. Seti ya kwanza niliyonunua kwa fedha yangu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani, na kampuni iliyoitengeneza sitaitaja. Siku za jua niliisifu kwa kila aliyenisikiliza. Siku moja, dakika chache baada ya mvua ndogo, niliingia kwenye kona ndefu ya mteremko ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi mno, kwa mwendo ambao haukuwa hata wa kujivunia, nikahisi usukani umekuwa mwepesi kama wa gari lililoinuliwa kwa jeki. Niliukata, lakini pua ya gari ikaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea ukingoni. Niliachia mafuta taratibu, sikugusa breki, na matairi yakashika tena ikiwa zimebaki kama hatua mbili. Niliposhuka nikakagua: upepo ulikuwa sawa, kashata (vile vitofali vya mpira vinavyogusa barabara) bado nene. Nikabonyeza ukucha kwenye kashata na haukuacha hata alama. Mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha kazi. Tairi la aina hiyo hudumu sana, na ndiyo maana husifiwa, ila hudumu kwa sababu haling'ang'anii kitu chochote.

Tukumbuke kwamba sehemu ya kila tairi inayogusa barabara inakaribia ukubwa wa kiganja, na kupitia viganja hivyo vinne ndipo breki, usukani na injini hufanya kazi zote. Kwenye lami kavu, hata mpira wa kawaida hujibana kwenye vinyweleo vya barabara na kuonekana hodari. Kwenye lami yenye maji ndipo ufundi wa mchanganyiko unapojulikana. Mwaka 1992 Michelin iliingiza sokoni tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi katika mpira wake ilibadilishwa kwa silika (unga wa madini ya jamii ya mchanga), jambo lililopunguza ukinzani wa kubingirika, yaani nguvu inayopotea tairi likizunguka, bila kupoteza mshiko kwenye maji, na tangu hapo kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Silika ni ngumu kuchanganya na mpira na huongeza gharama, kwa hiyo anayetafuta bei ya chini kabisa mara nyingi hulipia tairi ambalo kazi hiyo haikufanywa kwa uangalifu.

Sasa, namna ya kulitambua tairi kabla ya kulipa. Matairi yanayouzwa Ulaya huwa na lebo, iliyoanza mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021, yenye herufi A hadi E kwa mambo mawili: matumizi ya mafuta na mshiko kwenye maji. Wengi huangalia ya kwanza. Mpenda mwendo aangalie ya pili, na ninavyoona mimi, chini ya B asiendelee kusikiliza maneno ya muuzaji. Matairi ya soko la Marekani huwa na namba ya uchakavu ubavuni, ambayo hulinganishwa na tairi la kipimo lenye namba 100 baada ya msafara wa maili 7,200 kwenye barabara za Texas. Mengi ya kimichezo yaliyo karibu na ya mashindano huandikwa 200, mengi ya kiangazi yenye mshiko mzuri huwa kwenye 300, na ya kimichezo ya misimu yote hufika 500 au zaidi. Namba hiyo hutolewa na kampuni yenyewe, kwa hiyo 400 ya kampuni moja si lazima ilingane na 400 ya nyingine. Bado ina faida yake: nikiona 700 kwenye tairi linalojiita la kimichezo, najua jina linasema moja na mpira unasema jingine. Pembeni ya namba hiyo kuna herufi ya mshiko, kuanzia AA hadi C, lakini kipimo chake ni cha kufunga breki kwenye maji gari likiwa limenyooka, wala hakisemi lolote kuhusu kona.

Karibuni tujadili.

Msafiri wa Alfajiri

Mkuu, nashukuru kwa maelezo. Hali yangu ni ngumu kidogo: asubuhi natoka nyuzijoto zikiwa karibu na sifuri, barabara imelowa, mara chache kuna theluji nyembamba, na mchana wa siku hiyohiyo unaweza kuwa na joto la kutosha kufungua vioo vyote. Siwezi kumiliki seti mbili za matairi. Je, ninunue ya kiangazi na kuvumilia asubuhi, au ya misimu yote na kuvumilia kona?

Dereva wa Kona (mtoa mada)

Ndugu Msafiri, kwa maelezo yako nakushauri ya misimu yote, lakini yale ya kundi la kimichezo. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na yale makali kabisa ya kiangazi kampuni zake huonya yasitumike kwenye baridi ya kugandisha, kwa kuwa kashata zinaweza kupasuka. Kwa hiyo kila alfajiri ungekuwa unaendesha juu ya matairi yaliyolala. Kinyume chake, tairi la majira ya baridi mchana wa joto huwa laini kupita kiasi. Ukilifinyanga kwenye kona mbili tatu kwa mwendo, unahisi gari linayumba juu ya kashata kabla halijaanza kugeuka.

Kundi la kati lina matairi ya kweli, si la kubahatisha. Continental wana ExtremeContact DWS 06 Plus, ambalo kwenye kashata zake zimechongwa herufi D (kavu), W (maji) na S (theluji): S ikifutika, ujue theluji si yako tena, na W ikifutika, maji nayo yana mashaka. Ni jambo dogo lakini la kiungwana, kwa maana tairi lenyewe linakuambia limebakiza nini. Michelin wana Pilot Sport All Season 4, ambalo ni zuri na bei yake inajua kwamba ni zuri. Anayetaka kushuka bei bila kushuka sana kwenye uwezo aangalie General G-MAX AS-07 au BFGoodrich g-Force COMP-2 A/S PLUS.

Jambo moja kuhusu theluji: herufi M+S ubavuni ni tamko la kampuni kuhusu umbo la kashata tu. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake hutolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji. Usizichanganye hizo mbili.

Fundi wa Ubavu

Naomba kuongezea hapo kwenye majina, kwa sababu mtoa mada amepita haraka. Nimefunga na kufungua matairi kwa miaka mingi, na wateja wengi hawajui kwamba baadhi ya majina wanayoyaona ya daraja la pili ni watoto wa nyumba kubwa. General ni ya Continental tangu mwaka 1987. Firestone ni ya Bridgestone tangu mwaka 1988. BFGoodrich na Kleber ziko chini ya Michelin, Falken ni ya Sumitomo, na Cooper ilinunuliwa na Goodyear mwaka 2021. Nyumba kubwa haimpi mtoto nguo mpya ya sikukuu, lakini humrithisha zilizombana kaka yake, na mara nyingi bado ni nguo nzuri. Hankook, Kumho na Nexen za Korea Kusini nazo zimejijengea heshima kwa kazi yao zenyewe.

Hata hivyo, msinunue jina mkasahau tairi. Kampuni moja hutengeneza tairi la kimichezo na tairi la teksi, na yote mawili yana jina lilelile kwa herufi kubwa. Tofauti iko kwenye maandishi madogo ya chini yake. Someni majaribio ya saizi yenu au inayokaribiana nayo, kama yale ya chama cha magari cha Ujerumani, ADAC, ambacho hupima breki na mwenendo kwenye lami kavu na kwenye maji, pamoja na uchakavu. Matokeo ya saizi ya gari dogo hayahamishiki moja kwa moja kwenda saizi ya gari zito.

Rimu Kumi na Nane

Wakuu, mimi napingana na mtoa mada kwenye suala la rimu. Gari langu lilitoka na inchi 16, nikapandisha hadi 18, na usukani sasa unajibu papo hapo. Mnawezaje kuzungumzia mwendo kisha mkamshauri mtu apunguze rimu?

Dereva wa Kona (mtoa mada)

Mkuu, sikatai kwamba usukani unajibu haraka zaidi. Ubavu mfupi hauna nafasi ya kujikunja, kwa hiyo amri ya mkono hufika barabarani mapema. Lakini kujibu haraka na kukamata ni vitu viwili, na mkono wetu huvichanganya kwa urahisi.

Tazama hesabu. Tairi la 195/65R15 (upana wa milimita 195, ubavu ulio asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina kipenyo cha takriban milimita 634. La 205/55R16 ni 632. La 225/45R17 ni 634. La 225/40R18 ni 637. Mzunguko ni uleule kwa vitendo, ndiyo maana gari moja hukubali zote nne ikiwa fenda zina nafasi. Unachobadilisha ni kiasi cha chuma na kiasi cha mpira, pamoja na bei. Ukipanda kutoka 16 hadi 18, kwa kawaida fedha ileile iliyokuwa inakununulia tairi la heshima sasa inakununulia la kubahatisha. Nimewahi kumfuata rafiki yangu kwenye kona zenye maji, yeye akiwa na rimu kubwa zinazong'aa na matairi ya bei ya chini, mimi na rimu za inchi 16 zenye mikwaruzo lakini mpira mzuri. Niliachia mafuta mara kadhaa ili nisimpande mgongoni. Zaidi ya hayo, tairi pana hukutana na maji mengi zaidi yanayohitaji kusukumwa pembeni, na ubavu mfupi haulindi rimu kwenye shimo.

Ukiwa na fedha ya tairi zuri la 18, endelea kufurahi. Mada hii ni ya asiye nayo.

Na kwa kuwa tumegusa maandishi ya ubavuni: 91V maana yake ni kwamba tairi moja hubeba kilo 615 na limepimwa kwa kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa; H ni 210, W ni 270. Usishuke chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari. Lakini pia usidhani W inakamata kuliko V. Herufi hiyo inahusu kustahimili kasi, haijasema neno kuhusu maji.

Mchumi wa Mafuta

Vipi kuhusu matairi yaliyotumika ya kampuni za daraja la kwanza? Kwa fedha ya seti mpya ya kawaida naweza kupata mtumba wa Michelin au Pirelli wenye nusu ya kashata. Nadhani mpira mzuri uliochakaa kidogo unashinda mpira mbaya mpya.

Fundi wa Ubavu

Mzee, hapo nakuomba uende polepole. Kwanza soma tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, na mwisho wa mfululizo wake utaona tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine ziko upande wa ndani wa gurudumu, na kuna wauzaji ambao hulipanga tairi kwa namna kwamba upande huo utazame ukuta. Ligeuze. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani. Kampuni kadhaa kubwa zinashauri tairi lisizidi miaka 10 tangu lilipotengenezwa hata likionekana zima, na kwa mtu wa mwendo mimi nalikataa mapema zaidi ya hapo.

Pili, nusu ya kashata si nusu ya uwezo. Tairi jipya huwa na kina cha milimita 8 hivi. Vijiti vya kuonyesha uchakavu, vile vilivyo ndani ya mifereji, viko kwenye milimita 1.6, na nchi nyingi huweka ukomo wa kisheria hapohapo. Lakini uwezo wa kutoa maji hauishi siku vijiti vinapoonekana. Huanza kuporomoka muda mrefu kabla, na mimi gari langu silifikishi chini ya 3. Cha ajabu ni kwamba tairi lililochakaa huwa tamu zaidi kwenye lami kavu, kwa sababu kashata fupi haziyumbi. Dereva hulipenda zaidi kadiri linavyokaribia kumsaliti kwenye mvua.

Tatu, pitisha mkono ndani. Kiraka cha ubavuni, uvimbe, au ukingo wa ndani ulioliwa kuliko wa nje, hivyo vyote ni historia ya gari la mtu mwingine unayotaka kuinunua.

Mchumi wa Mafuta

Nimekuelewa, Fundi. Nimebadili nia.

Dereva wa Kona (mtoa mada)

Fundi amemaliza kila kitu isipokuwa upepo, na hilo linashangaza kwa kuwa ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote tulivyovitaja. Watafiti wa NASA walionyesha mwaka 1963 kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji yaliyotuama hufuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha shinikizo la upepo wake. Kanuni yao ilitokana zaidi na matairi ya ndege, kwa hiyo isichukuliwe kama sheria kwa kila tairi la gari, lakini mwelekeo wake unaelimisha: kwa upepo wa paundi 32 kwa inchi ya mraba unapata takriban kilomita 94 kwa saa, na kwa paundi 24 unashuka hadi takriban 82. Mifereji mizuri yenye kina husogeza mpaka huo juu zaidi, na maji mengi pamoja na tairi kipara huurudisha chini. Yaani mtu anaweza kununua tairi lenye herufi A, akalishusha daraja kwa uvivu wa kutopima upepo kwa miezi mitatu.

Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, na ukumbuke kwamba joto la hewa likishuka nyuzi 5 au 6, upepo hupungua kama paundi moja. Kwa hali ya ndugu Msafiri, ambaye majira yakibadilika anashuka nyuzi 20, hizo ni kama paundi nne zinazopotea bila tundu lolote.

Na msiongeze upepo kupita kipimo cha gari mkidhani mnatafuta ukali. Tairi lililojaa sana hugusa barabara kwa katikati tu.

Msafiri wa Alfajiri

Wakuu, baada ya kusoma nimetoka nje na tochi kukagua gari langu. Matairi mawili ya mbele ni 3815, kashata zimebaki milimita 5. Ya nyuma ni ya kampuni nyingine kabisa, 1120, nayo yamefika kama milimita 3, na ukucha unaacha alama kwa mbali. Upepo ulikuwa 27 badala ya 33. Nina fedha ya kununua mawili tu mwezi huu, na gari linavuta kwa mbele. Nadhani mapya yaende mbele, kwa kuwa huko ndiko kwenye kazi yote?

Fundi wa Ubavu

Mkuu, hapana. Mapya yakae nyuma, hata kwa gari linalovuta kwa mbele. Pua ikiteleza unaihisi kwenye usukani na ukiachia mafuta mara nyingi inarudi, kama ilivyomtokea mtoa mada. Mkia ukiteleza kwenye kona yenye maji, gari linazunguka kabla hujajua linafanya nini, na madereva wachache sana hulirudisha. Ila kwako kuna tatizo la pili: hayo ya 3815 ni ya wiki ya 38 mwaka 2015, na milimita 5 zake ni za kutazama tu, mpira umekwisha kufa. Yaliyo nyuma nayo yako mlangoni.

Dereva wa Kona (mtoa mada)

Naungana na Fundi. Kama unaweza kusubiri, usinunue mawili. Jaza upepo leo, punguza mwendo mwezi huu mzima hata kama kona zinakuita, kisha nunua manne ya aina moja ya misimu yote kwa saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Siku ya kufunga, mwombe fundi apime na mkao wa magurudumu, maana matairi mapya juu ya magurudumu yaliyopinda huliwa upande mmoja. Kama kashata zina mshale, hakikisha mshale unaelekea mbele. Kama ubavuni pameandikwa upande wa nje, uwe nje kweli, kwani nimeshaona gari limetoka gereji likiwa na moja kinyume.

Kilomita mia mbili tatu za kwanza uendeshe kwa utulivu, kwa sababu tairi jipya hutoka kiwandani likiwa na utelezi wa kalibu (dawa inayozuia mpira kunata kwenye kalibu) juu ya mpira wake. Baada ya hapo, subiri siku ya mvua, tafuta mahali papana pasipo na gari wala mtu, ufunge breki kwa mwendo mdogo mara kadhaa hadi uzoee linavyokamata. Kisha urudi hapa utuambie limekujibu vipi, na namba za DOT ulizopewa ni zipi.